Kupokezana Tungo: Nafasi ya Mpenzi wa Sanaa katika Historia ya Fasihi ya Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu, ni historia ya watunzi. Mwanafunzi huanza na Fumo Liyongo, akapita kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, akawafikia Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Msham, kisha akavuka hadi kwa Shaaban Robert na waliomfuata. Kila jina hufungamanishwa na kazi, na kila kazi huchukuliwa kana kwamba ilitoka mkononi mwa mtunzi ikatua mbele ya mhakiki bila ya kupitia popote. Sivyo ilivyokuwa. Muyaka hakuacha diwani. Mwana Kupona hakumtungia mchapishaji. Siti binti Saad aliimba mbele ya watu waliokaa naye chumba kimoja kabla ya sauti yake kutiwa katika santuri. Baina ya watunzi hawa na sisi pana safu ndefu ya watu waliopenda walichokisikia au walichokisoma, wakakihifadhi, wakakinakili, wakakiimba tena, na wakampa mwingine.

Makala haya yanakusudia kuwatazama watu hao. Katika ngoma zetu nyingi wimbo hutolewa na mmoja na kupokewa na wengine. Anayeupokea hasikilizi tu. Huuchukua wimbo, akautia sauti yake, akaurudisha uwanjani. Kwa msingi huo tutamwita mpokezi yule mtu ambaye, kwa kupendezwa na kazi ya sanaa, huipokea na kuipitisha kwa wengine. Tunadai mambo matatu. Kwanza, bila ya mpokezi sehemu kubwa ya kile tunachokiita fasihi ya Kiswahili isingekuwapo. Pili, katika utamaduni huu kazi ya kuonyesha ulichokitunga na kazi ya kuonyesha ulichokipenda hazikuwahi kutengana. Aghalabu zilifanywa na mtu mmoja, na pengine katika ubeti mmoja. Tatu, mpokezi si chombo kisicho na nia. Huchagua, hupanga na hugeuza, na kwa hiyo yeye ndiye mhakiki wa kwanza wa kazi anayoipitisha. Mhakiki wa leo asiyemtambua mtangulizi wake huyu huhatarisha kuyachukua maamuzi yake kuwa ni maamuzi ya mtunzi.

2. Takhmisi: kupenda na kutunga katika ubeti mmoja

Mfano ulio wazi kabisa wa dai letu la pili umo katika mojawapo ya bahari kongwe za ushairi wetu. Takhmisi, kama jina lake la Kiarabu linavyoashiria, ni utungo wa mistari mitano. Mtunzi wa takhmisi haanzi na ukurasa mtupu. Huchukua utungo wa mwenzake wenye beti za mistari miwili miwili, na mbele ya kila ubeti akatanguliza mistari mitatu yake mwenyewe. Mistari hiyo mitatu haina budi kufuata kina cha mstari wa kwanza wa utungo wa asili, na maana yake haina budi kuishia pale ambapo utungo wa asili unaanzia. Matokeo yake ni ubeti mmoja wenye sauti mbili, ambao msikilizaji asiyeufahamu utungo wa awali huweza kuudhania kuwa wa mtu mmoja.

Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mtunzi wa Al-Inkishafi, ni kielelezo mashuhuri. Sayyid Abdalla, aliyeishi katika karne ya kumi na nane na mwanzo wa karne ya kumi na tisa, aliipokea kazi iliyohusishwa na shujaa aliyetangulia kwa karne kadhaa. Wahakiki wameijadili takhmisi hiyo zaidi kama ushahidi wa mambo ya Liyongo. Ni nadra kuuliza swali lililo jepesi zaidi: kwa nini mtu mwenye kipawa cha kutunga Al-Inkishafi alijitia katika kifungo cha vina vya mtu mwingine? Jibu letu ni kwamba hakukiona kuwa kifungo. Takhmisi ilimpa nafasi ya kuwaambia wasikilizaji wake mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba hapa pana utungo uliomvutia, na kwamba yeye ana la kusema juu yake. Ni uhakiki uliotiwa katika vina. Anayetaka kujua jinsi shairi fulani lilivyoeleweka na wasomaji wake wa kale hana ushahidi bora kuliko mistari mitatu ambayo msomaji mmojawapo aliona inafaa kutangulia.

Mila ya kujibizana ina mantiki hiyo hiyo. Mshairi aliyelijibu shairi la mpinzani alilazimika kulishika, kulikariri, na mara nyingi kufuata vina vyake. Kwa hiyo hata uhasama ulikuwa njia ya kuhifadhi. Katika malumbano ya Mombasa na Lamu ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa, pale Muyaka aliposema kwa niaba ya Mombasa ya Mazrui na Zahidi Mngumi kwa niaba ya Lamu, jibu la kila upande lilisaidia kulidumisha shairi la upande wa pili. Adui naye alikuwa mpokezi.

3. Muyaka na Mwalimu Sikujua

Muyaka alifariki mnamo mwaka wa 1840, miaka michache tu baada ya utawala wa Mazrui kuanguka Mombasa mwaka wa 1837. Imesemwa mara nyingi kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Usemi huu una ukweli, lakini unaficha tatizo. Shairi la msikitini lilinakiliwa kwa sababu lilikuwa na thawabu. Kuliandika kulikuwa sehemu ya ibada. Shairi la sokoni, lililotungwa juu ya njaa, mapenzi, kejeli na vita, halikuwa na kinga hiyo. Lilidumu kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu walilipenda kiasi cha kutotaka kulisahau.

Takriban nusu karne ilipita kabla ya mashairi haya kukusanywa. Katika miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdalla wa Mombasa aliyatafuta katika kumbukumbu za wazee wa mji, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akampa mmisionari Mwingereza William Ernest Taylor, aliyekuwa akijifunza lugha. Sikujua alifariki mwaka wa 1890. Taylor aliyaandika upya kwa hati za Kirumi na kuyatia maelezo. Baada ya kifo cha Taylor, karatasi zake zilihifadhiwa katika Chuo Kikuu cha London, na kutokana na hizo William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka huko Johannesburg mwaka wa 1940. Mohamed Abdulaziz alizirudia hati hizo katika utafiti wake mkubwa uliochapishwa Nairobi mwaka wa 1979.

Tuitazame safari hiyo kwa utulivu. Muyaka alitunga, watu wa Mombasa wakakariri, Sikujua akakusanya, Taylor akanakili, Hichens akachapisha, Abdulaziz akafasiri na kuchambua. Jina lililo juu ya jalada ni la Muyaka, na hilo ni haki. Lakini neno diwani, kwa maana ya mkusanyiko uliopangwa, ni kazi ya wapokezi. Mashairi yaliyomo ni yale ambayo watu wa vizazi viwili waliona yanafaa kukumbukwa. Tunaposema kuwa Muyaka alikuwa mshairi wa mafumbo na wa kauli fupi zenye ncha, hatuna budi kujiuliza: je, hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya utunzi wake wote, au ndiyo sifa ya yale yaliyokaa vizuri katika kumbukumbu? Shairi lenye kauli inayogeuka methali huishi; shairi refu la tukio la siku mbili huenda lilizikwa pamoja na waliolishuhudia.

Hapa ndipo suala la vina na mizani linapopata sura mpya. Mjadala wa miaka ya 1970 baina ya watetezi wa arudhi na wale waliotunga mashairi huru uliendeshwa zaidi kwa misingi ya asili, uzalendo na uhuru wa msanii. Haukutilia maanani sana kwamba arudhi ilikuwa pia mlinzi wa utungo njiani. Mkariri akisahau neno, mizani hupungua na sikio likashtuka. Akibadilisha neno la mwisho, kina hukataa. Ulinzi huu hata hivyo una mipaka. Unakilinda kina kuliko maneno ya katikati, na hauzuii neno la Kiamu kugeuzwa kuwa la Kimvita iwapo silabi zinalingana. Kwa hiyo utungo uliopokezwa huwa na sehemu zilizo imara na sehemu zilizo laini, na mhakiki makini hupaswa kujua ni ipi anayoiegemea katika hoja yake.

4. Lamu: mama, binti na mwandishi

Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, unatuonyesha upande mwingine wa jambo hili. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa mgonjwa, na aliutunga kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kwa asili, basi, huu ni utungo wa msomaji mmoja. Hata hivyo, katika utendi huo huo mtunzi anawahimiza wanawake wengine wausome. Alijua kwamba kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto kingevuka kizingiti cha nyumba, naye hakukizuia. Alikitakia safari njema. Utendi ulinakiliwa mara nyingi, na hatimaye ukachapishwa na Alice Werner pamoja na Hichens mwaka wa 1934 chini ya anwani ya Kiingereza iliyousifu kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke.

Anwani hiyo ni mfano wa dai letu la tatu. Haikutolewa na Mwana Kupona. Ni uamuzi wa wapokezi, nao umeathiri usomaji kwa muda mrefu, kiasi kwamba mabishano mengi juu ya utendi huu huanzia kwenye swali la utiifu wa mke na huishia hapo. Anayeurudia utendi wenyewe hukuta pia mzazi anayekabiliwa na mauti, dua ndefu, na hofu ya mama juu ya mwana atakayemwacha katika mji wenye mashaka. Wapokezi wa London waliuona wajibu wa mke kuwa ndio mlango. Binti yake huenda aliona sauti ya mama. Utungo ni mmoja, lakini umepewa milango tofauti.

Hakuna mtu anayefaa zaidi kuitwa mpokezi kuliko Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945 akiwa mzee sana. Kijuma alikuwa mwandishi wa hati nzuri, mchongaji wa milango, mwanamuziki na mshairi. Alinakili tenzi za wengine kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya waliomwendea au kumwandikia, wakiwamo Werner, Hichens na Ernst Dammann, na papo hapo akatunga zake. Utendi wa Fumo Liyongo aliouandika mwaka wa 1913 unakusanya masimulizi ambayo watu wa pwani walikuwa wakiyasimulia kwa karne nyingi. Je, Kijuma ni mtunzi wa utendi huo au ni mnakili wake? Wataalamu wamelijibu swali hili kwa namna mbalimbali, na tofauti zao zinatokana kwa sehemu na kudhani kwamba lazima achague mojawapo. Kwa Kijuma mwenyewe mipaka hiyo haikuwa na maana kubwa. Mkono ule ule uliochonga nakshi za mlango kwa ruwaza za wazee, kisha ukaongeza ua lake pembeni, ndio ulioziandika tenzi.

Lakini hadithi ya Kijuma ina upande wenye uchungu. Nyingi katika hati zake zimo London, Hamburg na Berlin. Tasnifu ya Mohamed Abou Egl ya mwaka 1983 na juzuu iliyohaririwa na Gudrun Miehe na Clarissa Vierke mwaka 2010 zimetusaidia sana kumfahamu, lakini mwanafunzi wa Lamu anayetaka kuuona mwandiko wa babu yake wa kifasihi hulazimika kupita kwanza katika maktaba za nchi za mbali. Tusiseme kwamba Kijuma alinyang'anywa. Aliandika kwa malipo, kwa ufundi na kwa fahari. Tuseme tu kwamba safu ya wapokezi iligawanyika njia, na tawi moja lilipata rafu na makabati, huku jingine likibaki na mchwa na unyevu wa bahari.

5. Ukurasa wa mashairi

Mwezi Januari 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililotolewa Dar es Salaam. Nia ya waanzilishi ilikuwa elimu na habari kama serikali ya kikoloni ilivyoziona. Wasomaji walilifanyia kazi nyingine pia. Walituma mashairi. Karani wa bomani, mwalimu wa shule ya kijijini, mfanyabiashara wa duka dogo, kila mmoja aliyejiona ana kipawa alitia beti zake katika bahasha, na iwapo zilichapishwa, zilisomwa na watu ambao asingewaona maishani mwake. Shaaban Robert ni miongoni mwa waliojulikana kupitia kurasa hizo. Nchini Kenya gazeti la Baraza, lililoanza mwaka wa 1939, lilifungua uwanja kama huo.

Mambo mawili yanastahili kuangaliwa katika kurasa hizi. La kwanza ni adabu yake. Washairi wengi walianza kwa kumbisha hodi mhariri na kumwomba nafasi, na wakamaliza kwa kujitaja jina au lakabu na mahali walipo. Wahakiki wamezoea kuziruka beti hizi kwa kuziona ni kanuni tupu. Sisi tunaziona kuwa ni alama za mkutano. Mshairi wa gazetini hakuona kuwa anachapisha kwa maana ya kutoa bidhaa. Aliona anaingia barazani, na asiyebisha hodi barazani si mstaarabu. La pili ni kwamba ukurasa ulizalisha majibu. Shairi lililouliza fumbo mwezi huu lilijibiwa kutoka wilaya nyingine miezi miwili baadaye, na mara nyingine mshairi wa tatu akaingia kati kuwasuluhisha. Mila ya Muyaka na Zahidi Mngumi, iliyohitaji jahazi na wajumbe, sasa ilibebwa na posta.

Ni katika mazingira haya ndipo kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka wa 1954, kinapoeleweka vizuri. Muundo wake wenyewe unathibitisha hoja yetu: katika jalada moja mna sheria za sanaa na mashairi ya mwenye kuzitoa. Kitabu hicho kimelaumiwa kwa kuifunga sanaa kwa kanuni. Lakini kilipotoka, wasomaji wake wengi walikuwa watu waliotunga peke yao, mbali na miji ya kale ya ushairi, bila ya mwalimu wa kuwasikiliza. Kwao kanuni zilikuwa ufunguo wa kuingilia barazani kuliko pingu. Vizazi vilivyofuata, vilivyokwisha kuwamo ndani, ndivyo vilivyoanza kuulalamikia mlango.

Haifai hata hivyo kuzisifu kurasa hizi kupita kiasi. Mlango ulikuwa na bawabu. Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali, na yaliyokatazwa hayakuhitaji kuandikwa ukutani ili yajulikane. Mashairi tuliyo nayo ni yale yaliyopenya. Yaliyokataliwa, ambayo pengine yangetuambia mengi zaidi juu ya fikira za nyakati hizo, yaliishia katika kapu la mhariri.

6. Santuri, filamu na kalamu

Mwaka wa 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay, akaimba mbele ya mitambo ya kunasia sauti. Mwanamke huyu, mzaliwa wa Fumba na muuza vyungu wa zamani, aliifanya taarabu, ambayo katika kasri ya masultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu, izungumze Kiswahili cha mitaani. Wimbo wake juu ya Kijiti, uliohusu mauaji ya mwanamke na kesi iliyofuata, uliwafikishia wasikilizaji habari ya dhuluma kwa njia ambayo hakuna gazeti la siku zile lililoweza kuifuata. Santuri ilileta mpokezi wa aina mpya. Mwenye gramafoni moja aliwapokea jirani, na wimbo ulioimbwa Unguja ukajulikana mahali ambapo Siti hakuwahi kukanyaga.

Mmoja wa waliomheshimu alikuwa Shaaban Robert. Alipokwisha kuwa mwandishi mwenye jina, aliketi akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Jambo hili halijatiliwa mkazo wa kutosha. Wasifu wa siku hizo uliandikwa juu ya watawala, mashekhe na mashujaa. Shaaban Robert alichagua mwimbaji, mwanamke, mtoto wa watu wa tabaka la chini kabisa, aliyekuwa akidharauliwa na wenye nasaba. Aliuchukua ustadi wa kalamu yake, uliokwisha kutambuliwa, akauweka chini ya huduma ya sanaa ambayo wasomi wengi wa wakati wake waliihesabu kuwa mchezo. Alichokifanya ni kile kile alichokifanya Sayyid Abdalla katika takhmisi: aliitanguliza mistari yake mbele ya kazi ya mwingine ili isikike vizuri zaidi.

Naye pia aligeuza. Siti wa Shaaban Robert ni mfano wa subira, juhudi na tabia njema, na anafanana mno na wahusika wema wa hadithi zake. Kejeli na ujasiri wa nyimbo zenyewe hazikupata nafasi iliyo sawa. Hatusemi haya kwa kumlaumu. Alitaka kumpa Siti heshima, na lugha ya heshima aliyokuwa nayo ilikuwa lugha ya maadili. Lakini mwanafunzi anayemjua Siti kwa wasifu pekee, bila ya kuzisikiliza santuri, amemjua Shaaban Robert.

Mombasa ya baada ya vita ilitoa sura nyingine ya upokezi. Filamu za Kihindi zilipendwa sana mjini, na waimbaji wa taarabu walizichukua tuni zake na kuzitungia maneno ya Kiswahili. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, ndiye aliyesifika zaidi kwa mtindo huu, na miongoni mwa waliomtungia maneno ni jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi wa Malenga wa Mvita. Baadhi ya wahakiki waliuona mtindo huu kuwa ni wizi au, kwa uchache, ni uvivu. Hukumu hiyo inasahau namna ushairi wetu unavyofanya kazi. Kutunga maneno yanayokaa sawasawa katika tuni iliyokwisha kutungwa na mwingine, kwa lugha nyingine, bila ya kuvunja kina, ni kazi ya ukoo mmoja na takhmisi. Msikilizaji wa Mombasa alifurahia vitu viwili: tuni aliyoitambua kutoka sinema, na maneno ambayo sinema haikuwa nayo. Kwamba mshairi aliyeheshimiwa kwa mafumbo mazito ndiye huyo huyo aliyetia maneno katika tuni za filamu, ni ushahidi kuwa utengano wa sanaa ya juu na sanaa pendwa ni wetu sisi wahakiki, si wao.

7. Pale upokezi unapokuwa hatari

Mifano tuliyoitoa hadi hapa yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba kupokezana tungo ni starehe tu. Historia ya Kenya inatukumbusha vingine. Mwaka wa 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa, aliandika waraka ulioitwa Kenya: Twendapi?, ukasambazwa mkono kwa mkono. Kwa ajili yake alifungwa hadi mwaka wa 1972. Gerezani, akiwa amenyimwa karatasi, alitunga mashairi akayaandika katika karatasi za chooni. Mashairi hayo yalichapishwa mwaka wa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Kinyume hicho kimetajwa mara nyingi. Tunachotaka kukiongeza ni kwamba Sauti ya Dhiki ni diwani iliyotungwa na mtu aliyezuiwa kabisa kushiriki barazani. Hakuwa na wa kumsomea wala wa kumjibu. Hata hivyo alitunga kwa arudhi kamili, kana kwamba mbele yake wameketi wajuzi wa Mvita waliomlea. Wengine wameieleza arudhi hiyo kama dalili ya uhafidhina wa kisanaa katika mtu aliyekuwa mwanamapinduzi wa kisiasa. Kwa mtazamo wa makala haya maelezo ni mengine. Vina na mizani ndivyo vilivyomwezesha kuyahifadhi mashairi moyoni iwapo karatasi zingepotea, na ndivyo vilivyomweka katika mkutano ambao kuta za gereza zilidhani zimemtoa. Arudhi ilikuwa baraza lake.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mpokezi si mtu wa pembeni katika historia ya fasihi yetu. Yapo mambo matatu ya kiutendaji yanayotokana na hoja hii. La kwanza linahusu uhakiki wa matini. Kila tunaponukuu utungo wa kale, tuitaje njia uliyopitia pamoja na jina la mtunzi. Tuseme Muyaka wa Sikujua na Taylor kama wanahadithi wanavyotaja isnadi. La pili linahusu ufundishaji. Takhmisi, majibizano na nyimbo za tuni za kuazima zifundishwe kama aina za uhakiki, si kama tanzu ndogo zilizopitwa na wakati.

La tatu ndilo la haraka. Karibu kila aliyesoma shule za nchi hii anafahamu daftari la nyimbo: lile ambalo mwanafunzi hunakili maneno ya nyimbo anazozipenda, akabandika picha iliyokatwa gazetini, na katikati ya kurasa hizo, kwa kalamu ya rangi nyingine, akajaribu beti zake mwenyewe. Hakuna maktaba iliyoliomba. Likiisha kazi huchanwa na kufungiwa njugu. Kanda za kaseti zilizonasa taarabu za arusi nazo zinakatika na kuota ukungu katika masanduku, na zikiisha hizo hakuna santuri ya Bombay itakayotuokoa. Leo kijana hutuma wimbo na shairi lake kwa simu, nao hupotea simu inapopotea. Idara zetu zina wanafunzi wanaotoka kila pembe ya nchi, na kila mmoja wao ana shangazi, mjomba au nyanya mwenye sanduku chini ya kitanda. Mwalimu Sikujua hakuwa na ruzuku wala tasnifu ya kuandika. Alikuwa na masikio, kalamu na wazee waliokuwa bado hai. Alipofariki mwaka wa 1890, wengi wa wale waliomsikia Muyaka walikuwa wamekwisha kutangulia. Kama angengoja miaka kumi zaidi, leo tungekuwa na jina la Muyaka, na pengine methali mbili tatu zisizo na mwenyewe.